Gia Inapogoma: Land Rover na Pikapu za Matope kati ya Ruiru na Thika

Gia ya gari la kazi hugoma kwa namna nne. Hukataa kuingia, huingia kwa kelele, huchomoka yenyewe gari likiwa njiani, au huingia vizuri lakini gari halisogei. Kila namna ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho hakimo ndani ya giaboksi. Kimo kwenye klachi, kwenye mkono wa gia, kwenye oili isiyofaa, au hata kwenye zulia lililojikunja chini ya pedali. Hata hivyo katika gereji nyingi hukumu hutolewa mapema: giaboksi imekwisha, ishushwe. Kuishusha giaboksi ya gari la magurudumu manne ni kazi ya siku nzima au zaidi. Mara nyingi mwenye gari hufungiwa giaboksi ya mtumba isiyojulikana ilikotoka, kisha gia zinaendelea kugoma vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa huko.

Kimbo, kando ya barabara kuu ya Thika upande wa Ruiru, ni mahali ambapo ugonjwa huu unaonekana waziwazi. Gari la kazi hapo huishi maisha mawili. Kwenye lami ya barabara kuu, iliyozinduliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, hukimbia kwa gia ya tano na dereva hagusi klachi kwa dakika kadhaa. Likiacha lami kuelekea Juja Farm au machimbo ya mawe ya Ndarugu, hukutana na udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama gundi mvua za masika zikianza. Upande wa mashamba ya kahawa udongo ni mwekundu na unateleza. Mashamba mengi ya zamani yamekatwa viwanja, nyumba zinajengwa kila kona, na pikapu hazina mapumziko: mawe, saruji, mabati, maziwa, lishe ya ng'ombe. Katika kilomita mbili za njia kama hizo dereva anaweza kubadilisha gia mara nyingi kuliko anavyobadilisha kutoka Kimbo hadi Nairobi. Klachi hukanyagwa bila kupumzika, madimbwi hupitwa, na matope hugandamana chini ya gari hadi yanakauka kama matofali.

Thika yenyewe ina historia na magari haya. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilianzishwa mjini humo mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na kwa miaka mingi Land Rover ziliunganishwa hapo. Jina hilo la Leyland limo hata ndani ya giaboksi. LT77, iliyofungwa kwenye Land Rover One Ten na Defender za mwanzo, imepata herufi zake kutokana na jina la Leyland, na 77 ni umbali wa milimita kati ya shafti zake mbili. Mwaka 1994 ilifuatwa na R380, ambayo namba yake ni kiasi cha nguvu ya msokoto ilichoundwa kuhimili, yaani nyutoni-mita 380. Kuanzia mwaka 2007 Defender zilipewa giaboksi ya gia sita, MT82. Upande wa Toyota, Land Cruiser ya pikapu yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 ina giaboksi ya gia tano na mkono wa pili wa kuvuta kwa magurudumu manne. Hilux na Isuzu D-Max nyingi za zamani za gia za mkono hazitofautiani sana nayo kwa mpangilio. Kujua ni giaboksi gani iliyomo ndani ya gari si elimu ya kujionyesha. Oili za giaboksi hizi hazifanani, na baadhi ya vipimo vinavyofaa moja havifai nyingine.

Ili kuelewa kwa nini gia hugoma, inafaa kuelewa jinsi inavyoingia. Dereva akikanyaga klachi, pleti iliyobanwa dhidi ya flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini, huachiliwa, na mzunguko wa injini haufiki tena kwenye giaboksi. Ndani ya giaboksi meno ya gia za mbele huwa yameshikana muda wote. Kinachohama mkono unaposukumwa ni kola inayoteleza juu ya shafti na kuifunga gia moja izunguke pamoja na shafti hiyo. Tatizo ni kwamba kola na gia huwa zinazunguka kwa kasi tofauti. Abiria anayetaka kudandia matatu iliyokwisha kuondoka huanza kwa kukimbia kando yake hadi mwendo wake ulingane na wa gari, ndipo hushika mlango. Kazi hiyo ya kukimbia kando hufanywa na sinkro, pete ya madini ya jamii ya shaba ambayo husuguana na gia mpaka kasi zilingane. Klachi isipoachilia kikamilifu, injini huendelea kuisukuma gia huku sinkro ikihangaika kuituliza, sawa na abiria anayekimbilia matatu ambayo dereva wake hataki kuondoa mguu kwenye mafuta. Pete hulika siku baada ya siku. Baada ya miezi, hitilafu iliyoanza kwenye klachi, ambayo ingetibiwa kwa mpira mdogo wa silinda, huwa imeingia ndani ya giaboksi kwelikweli. Hii ndiyo sababu kuu ya kutopuuza gia iliyoanza kuwa nzito.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe au vigingi, injini izimwe, kisha gia zote zijaribiwe moja moja, pamoja na rivasi. Gia moja ikikataa, gari lisukumwe kidogo ijaribiwe tena, kwa maana huenda meno hayakuelekeana. Ikiwa zote zinaingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zinagoma ikiwaka, giaboksi isiguswe. Kosa ni la klachi isiyoachilia. Ikiwa zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, kosa liko kwenye mkono wa gia na viungo vyake, au ndani. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na fundi anayetangaza kifo cha giaboksi kabla ya kukifanya hajachunguza gari.

Kipimo cha pili hutumia rivasi. Injini ikiwa imewaka na inanguruma polepole, klachi ikanyagwe hadi mwisho, dereva ahesabu sekunde tano, kisha aingize rivasi. Katika giaboksi nyingi rivasi haina sinkro, kwa hiyo ikilia baada ya kungoja hivyo, shafti bado inasukumwa na injini. R380 ni tofauti, kwa kuwa rivasi yake ina sinkro na inaweza kuficha ugonjwa. Kwenye gari lenye giaboksi hiyo kipimo cha kuzima injini ndicho cha kutegemewa zaidi.

Klachi ya Defender, ya Land Cruiser na ya pikapu nyingi za aina hii husukumwa kwa mafuta yaleyale ya breki. Pedali husukuma silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Mafuta hupita kwenye paipu. Silinda ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi, husukuma uma unaobonyeza beringi ya klachi. Mafuta yakipungua au hewa ikiingia popote katika njia hiyo, pedali hufika sakafuni lakini uma haujasogea vya kutosha. Dalili iliyo wazi ni pedali inayohitaji kupigwa mara mbili au tatu kabla gia haijakubali. Nyingine ni chupa ya mafuta inayopungua kila wiki. Masta ikivuja, mafuta huweza kuteremka kwenye pedali hadi sakafuni, na dereva huona kiatu chake kimelowa bila kujua maji yametoka wapi. Silinda ya chini hukaguliwa kwa kuinua kimpira cha vumbi kilicho mwisho wake: ndani kukiwa na mafuta, sili imekwisha.

Kuna kasoro moja ambayo huwapotosha hata mafundi wazoefu. Paipu laini ya mpira inayoungana na silinda ya chini ikizeeka hufura kila pedali inapokanyagwa. Hakuna tone linaloanguka na chupa imejaa, lakini nguvu inaishia kwenye kufura kwa mpira. Njia ya kuigundua ni mtu mmoja kukanyaga pedali huku mwingine ameshika paipu mkononi na kuangalia ncha ya silinda ya chini inasogea kiasi gani. Mwendo huo ulinganishwe na kipimo cha kitabu cha gari, au na gari jingine la aina ileile lenye klachi nzima. Kimbo hadi Thika magari haya hayakosekani, na mlinganisho wa namna hiyo umewahi kuokoa giaboksi nyingi.

Silinda zikiwa nzima, hewa hutolewa hivi. Chupa ya juu hujazwa, paipu ndogo inayopitisha mwanga huvalishwa kwenye nipuli ya silinda ya chini na ncha yake huzamishwa ndani ya kopo lenye mafuta ya breki. Mmoja hukanyaga polepole, mwingine hufungua nipuli, hewa na mafuta hutoka, nipuli hufungwa, ndipo pedali huachiliwa. Hurudiwa hivyo mpaka mapovu yaishe, na chupa ya juu isiruhusiwe kukauka katikati ya kazi. Mafuta yawe ya breki ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini au ya usukani ikimiminwa humo, mipira ya silinda hufura na kuharibika yote kwa pamoja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huotesha kutu ndani ya silinda. Kuyabadilisha yote kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo mno ukilinganisha na madhara ya kuyaacha.

Kabla ya kufungua chochote, sakafu pia itazamwe. Zulia nene lililowekwa kuzuia matope huweza kuipunguzia pedali mwendo wake wa mwisho, na huo wa mwisho ndio unaotenganisha pleti na flaiwili. Linaweza pia kuukinga mkono wa gia usifike mwisho wa safari yake, hasa kwenye gia ya pili na ya nne zinazovutwa nyuma. Gia ambayo haikufika mwisho huchomoka gari likirushwa na shimo, na lawama huenda kwa giaboksi.

Ikiwa mafuta na silinda ni salama na klachi bado haiachilii, kosa limo ndani ya kengele, ile sehemu pana inayounganisha injini na giaboksi. Kwenye Defender kuna udhaifu unaojulikana na karibu kila fundi wa Land Rover: uma wa klachi ni wa bati lililokunjwa, na pale unapoegemea kichwa cha mhimili wake hulika hadi kichwa kinatoboa upande wa pili. Siku hiyo klachi hufa ghafla ingawa pedali iko sawa na mafuta hayavuji. Upo uma wenye bati la ziada lililochomelewa mahali hapo, na hakuna sababu ya kurudisha uma wa kawaida ilhali giaboksi tayari iko chini. Kasoro nyingine iliyojificha ni bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya flaiwili, ambamo ncha ya shafti ya giaboksi huegemea. Ikikauka na kushika, shafti huzunguka pamoja na injini hata klachi ikiwa imeachilia kikamilifu. Gari lililoegeshwa miezi kadhaa kwenye unyevu nalo huweza kupata kutu inayoigandisha pleti kwenye flaiwili.

Chini ya kengele ya Land Rover kuna tundu la kutolea majimaji, pamoja na skrubu ya kuliziba gari linapovuka maji mengi. Skrubu hiyo ikisahauliwa mahali pake, oili inayovuja kutoka kwenye sili ya injini au ya giaboksi hukusanyika ndani na kuloweka pleti. Matone yakionekana kwenye tundu, sili imekwisha na isingojwe hadi klachi ianze kuteleza. Kazi ya kengele ikifanywa, ifanywe yote. Pleti, presha pleti, beringi na bushi hubadilishwa pamoja, na flaiwili hukaguliwa kama ina mikwaruzo au alama za kuungua. Kufunga pleti mpya na kuacha beringi ya zamani ni kujipangia safari ya pili ya kushusha giaboksi ileile.

Gia zinazogoma hata injini ikiwa imezimwa huanza kuchunguzwa juu, kwenye mkono wenyewe. Kwenye Land Cruiser na Hilux mkono huegemea kikombe cha plastiki ngumu ambacho baada ya miaka hupasuka na kusagika. Dereva huhisi mkono unacheza kama kijiko kwenye sufuria, hajui kama yuko gia ya kwanza au ya tatu, na akitafuta ya pili hukutana na ukuta. Kwenye nyingi ya giaboksi hizo mkono hutoka bila kushusha chochote: raba ya juu huondolewa, kifuniko hubonyezwa chini na kuzungushwa, mkono huvutwa juu. Kikombe kipya huwekwa na grisi, na gari hurudi kuwa kama la juzi. Hakuna kipuri kidogo kinacholeta tofauti kubwa kama hiki. Tundu lizibwe kwa kitambaa safi mkono ukiwa nje, kwa sababu jiwe au nati ikiangukia ndani hugeuza kazi ya nusu saa kuwa ya wiki. Raba za kushikilia injini na giaboksi nazo zitazamwe. Zikikatika, injini huinama kila dereva anapokanyaga mafuta, na mwinamo huo huvuta gia itoke.

Baada ya hapo ni oili, na hapa ndipo magari mengi mazima yanaharibiwa. Katika maduka mengi oili ya difu, EP90, ndiyo inayopatikana kwa urahisi, kwa hiyo humiminwa kila mahali penye neno gia. LT77 haikuundwa kwa oili hiyo. Hutumia mafuta mepesi mekundu yaleyale ya giaboksi za otomatiki. R380 ina mafuta yake maalumu mepesi, na Land Cruiser hutumia oili ya 75W-90. Oili nzito ikiwekwa kwenye giaboksi iliyozoea nyepesi, pete ya sinkro haiwezi kuikata haraka ili ishike gia, na gia ya pili huwa ngumu kama jiwe asubuhi mpaka gari lipate joto. Zaidi ya hayo, baadhi ya oili za difu za daraja la GL-5 zina dawa za salfa zinazoweza kuila shaba ya sinkro polepole. Pale EP90 ilipo halali ni kwenye transfa ya Land Rover, ile giaboksi ya pili iliyo nyuma inayogawa nguvu mbele na nyuma. Masanduku mawili yaliyoshikana, oili mbili tofauti. Anayejaza moja kwa ya mwenzake amekosea zote.

Kiwango hupimwa gari likiwa tambarare: boliti ya kujazia iliyo ubavuni hufunguliwa, na oili inapaswa kufika ukingoni mwa tundu. Boliti ya kujazia ifunguliwe kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Wapo waliomwaga oili yote kisha wakagundua boliti ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari likabaki halina kitu ndani. Oili iliyotoka isomwe kabla ya kutupwa. Uji mwembamba wa kijivu kwenye boliti ya chini ni uchakavu wa kawaida. Punje zinazometameta kama dhahabu ni sinkro inayolika. Vipande vya chuma ni meno au beringi, na gari lisiendeshwe tena. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, mara nyingi kupitia paipu ya kupumulia iliyokatika au kuzibwa na matope. Giaboksi yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji popote panapoacha nafasi. Paipu hizo ndogo zinapaswa kuinuliwa juu, kwenye eneo la injini, kwa gari lolote linalovuka mito kama Ndarugu mvua zikinyesha.

Mkono wa pili, wa magurudumu manne, una maradhi yake. Dereva wa Land Cruiser huuvuta mkono kwenye matope, akafika lami, akasahau, na baadaye mkono ukakataa kurudi. Hakuna kilichovunjika. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huzunguka njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope magurudumu huteleza na tofauti hupotea, lakini kwenye lami hayatelezi, hivyo shafti zinabaki zimejisokota na kuubana mkono. Kurudi nyuma mita chache kwa usukani ulionyooka hufungua msokoto huo, na mkono hutoka wenyewe. Kuuvuta kwa nguvu za mikono miwili huvunja uma wa ndani. Kwenye Land Rover za kuanzia One Ten nguvu hufika magurudumu yote wakati wote kupitia difu ya katikati, lakini kufuli la difu hiyo likifungwa kwenye lami huleta msokoto uleule. Mkono wa transfa usiotumiwa mwaka mzima hushika kutu kwenye viungo vyake. Uzoeshwe kila mwezi kwenye udongo laini, gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, na viungo vyake vipigwe mafuta.

Na pale Land Cruiser inapokataa kuvuta mbele ikiwa matopeni na mkono umevutwa, vitazamwe kwanza vifuli vya katikati ya magurudumu ya mbele. Visipozungushwa hadi LOCK, nguvu haifiki chini hata giaboksi iwe mpya.

Hitilafu ya gia kuingia bila gari kusogea huogopesha kuliko zote, lakini ina kipimo rahisi. Kwenye Defender difu ya katikati ifungwe. Gari likianza kuvuta, giaboksi imeachiwa huru: kilichokatika ni shafti ya gurudumu, flenji yake au propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye transfa, na nguvu ilikuwa ikimwagika upande huo. Kwenye Land Cruiser vifuli vya mbele vifungwe na mkono wa magurudumu manne uvutwe. Likisogea, shafti ya nyuma ndiyo iliyokatika. Lisiposogea katika hali zote mbili, inabaki klachi iliyokwisha kabisa au, kwa LT77 na R380, meno ya mwisho wa shafti kuu yanayoingia kwenye transfa. Meno hayo yalikuwa yakikosa oili ya kutosha na kusagika mpaka yanakuwa laini kama ufito. Gia ya transfa iliyotobolewa ili oili ipenye ndiyo dawa ya kudumu, na ifungwe pamoja na shafti mpya.

Yanayobaki ndiyo maradhi ya ndani kweli. Gia moja tu inayolia, mara nyingi ya pili au ya tatu, ilhali nyingine ni kimya, inaonyesha sinkro ya gia hiyo. Gia inayochomoka dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko inaonyesha uma wa selekta uliolika, springi na gololi ya kuishikilia iliyochoka, au beringi iliyoruhusu shafti kutembea. Mlio unaosikika gari likiwa huru na kunyamaza klachi inapokanyagwa ni wa beringi za giaboksi. Ukitokea kinyume chake, klachi inapokanyagwa tu, ni wa beringi ya klachi. Mlio ulio kwenye gia zote isipokuwa ya nne huelekeza kwenye shafti ya chini, kwa maana gia ya nne ya LT77 na R380 hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuipitishia kwenye shafti hiyo.

Giaboksi ikibidi kushuka, hatari ya kwanza ni ya maisha. Giaboksi ya Land Rover pamoja na transfa yake si mzigo wa kupokelewa kifuani na vijana wawili waliolala chini. Inahitaji jeki ya giaboksi au mnyororo imara. Kuna jambo jingine ambalo kila anayeingia chini ya Land Rover lazima alijue: breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela, mwishoni mwa transfa. Propela ya nyuma ikifunguliwa, au gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gari linaweza kubingirika ingawa breki ya mkono imevutwa hadi juu. Magurudumu yawekewe vigingi pande zote mbili, na gari likalishwe kwenye stendi za chuma. Mawe ya kujengea, yanayopatikana kila kiwanja, hupasuka bila kutoa onyo na hayafai kabisa kwa kazi hii.

Kando ya Land Rover na pikapu, yapo pia magari madogo ya shamba, yale ya viti viwili yanayotengenezwa na Polaris, Kawasaki na kampuni nyingine, na mengi hayana pedali ya klachi. Nguvu hupitishwa na mkanda mpana kati ya puli mbili zinazojipanua na kujisinyaza. Gia zake zikigoma, waya wa mkono huangaliwa kwanza katika ncha zote mbili na kukazwa upya kwa nati zake. Kisha hutazamwa mngurumo wa injini ikiwa haijakanyagwa: ukizidi kiasi cha kiwanda, puli hushika mkanda kabla ya wakati na gia hulia. Mkanda uliofura huleta balaa ileile. Gia za magari haya hubadilishwa gari likiwa limesimama kabisa. Kuingiza rivasi likiwa bado linabingirika huvunja uma wa ndani.

Vipuri hupatikana Thika kwenyewe, na vya nadra hufuatwa Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Sinkro na beringi bandia ni nyingi, kwa hiyo kipuri cha zamani kipelekwe dukani kilinganishwe kwa macho na kwa uzito. Kuhusu fundi, ujuzi wa kazini ni ujuzi, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huupima na kutoa vyeti vya daraja la III, II na I hata kwa waliojifunzia chini ya mti. Mwenye gari ana haki ya kuuliza cheti hicho, kutaka gia zijaribiwe mbele yake injini ikiwa imezimwa, na kukabidhiwa kila kipuri kilichotolewa.

Giaboksi iliyofunguliwa na kufungwa upya imwagwe oili na kujazwa nyingine baada ya kilomita elfu moja hivi. Oili hiyo ya kwanza huwa imebeba vumbi la chuma kutoka kwenye vipuri vipya vinavyozoeana, na vumbi hilo likibaki humo, beringi mpya ndizo zitakazolila.